Nusu ya Hadithi: Darsa Kuhusu Kuchora Sura za Watu



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Muumba na Mtia sura. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, darsa ya toleo hili imetokana na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa kwanza hapa Uganda, katika bweni letu alikuwepo ndugu mmoja kutoka Buyenzi, Bujumbura, aliyekuja kusomea ualimu wa sanaa. Sisi tunaotoka Kigali, Bujumbura na Goma tulikuwa tukikaa pamoja jioni kwa sababu ya Kiswahili. Yeye alikuwa na daftari kubwa la michoro ambalo halikumbanduka mkononi. Wengine tukizungumza, yeye anachora.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, akaniuliza: "Sheikh, wewe ndiye unayesoma dini. Hizi sura za watu ninazochora, nina dhambi?"

Sisi wa mwaka wa kwanza tunapenda sana kuitwa sheikh. Nilimjibu papo hapo kwamba ni haramu, na kwamba wachoraji ndio watakaopata adhabu kali kabisa Siku ya Kiyama. Sikumuuliza anachora nini, kwa ajili gani, wala mwalimu wake anataka nini. Wala mimi sikujua ni imamu gani aliyesema nini. Nilikuwa nimesikia hadithi moja katika mawaidha, nikamkabidhi kama nilivyoisikia.

Asubuhi yake niliona kurasa za daftari lile kwenye pipa la taka nyuma ya bweni, zimechanwa vipande vipande. Miongoni mwake ilikuwamo sura ya bibi yake aliyemlea, aliyoichora kwa mkaa miezi michache kabla bibi huyo hajafariki. Nyumbani kwao imebaki picha yake moja tu, ile ndogo ya kitambulisho.

Mwaka wa pili tulipofika mlango wa mavazi katika somo la hadithi, ndipo nilipojua kwamba nilimpa mwenzangu nusu ya maneno. Ninaandika darsa hii ili asiwepo mwingine atakayefanya kama mimi.

HADITHI ZENYEWE

Kwanza tuweke msingi. Makatazo yapo na yana nguvu. Katika Bukhari na Muslim zimepokewa hadithi kadhaa zinazoeleza kwamba watengenezaji wa sura watapata adhabu kali Siku ya Kiyama, na wataamrishwa wavipe uhai vile walivyovitengeneza. Mama Aisha (R.A.) anasimulia kwamba alitundika pazia lenye sura. Mtume (S.A.W.) alipoliona uso wake ulibadilika, akaliondoa. Mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, Mtume (S.A.W.) hakukubali kuingia ndani ya Al-Kaaba mpaka zitolewe sura zilizokuwamo, zikiwemo sura za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail wameshikishwa mishale ya kupigia ramli.

Asitokee mtu akasema kwamba hayo ni maneno ya watu wakali tu. Ni hadithi sahihi na ni lazima tuzipokee kwa adabu.

Lakini katika vitabu hivyo hivyo mna na mengine. Pazia lile la Mama Aisha halikuchomwa moto. Alilikata akatengeneza mito, na mito hiyo ikatumika nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Mama Aisha alikuwa na wanasesere aliocheza nao, na katika Abu Dawud imepokewa kwamba miongoni mwao alikuwemo farasi mwenye mabawa ya nguo. Mtume (S.A.W.) alimuuliza kuhusu mabawa hayo, naye akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Sulaiman, na Mtume akacheka. Katika Abu Dawud na Tirmidhi imepokewa pia kwamba Jibril (A.S.) aliagiza kichwa cha sanamu kikatwe ili libaki kama umbo la mti, na pazia likatwe litengenezwe mito ya kukalia.

Kipo kisa cha mtu aliyemwendea Ibn Abbas (R.A.) akamweleza kwamba riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake ya kutengeneza sura. Ibn Abbas alimsomea hadithi ya adhabu. Mtu yule alihema kwa nguvu na uso wake ukawa manjano. Ndipo Ibn Abbas akamwelekeza kwamba, ikiwa hana budi na kazi hiyo, basi achore miti na kila kisicho na roho. Angalia adabu ya fatwa hiyo. Ibn Abbas hakuficha hukumu, lakini pia hakumwacha mtu wa watu barabarani bila kazi. Alimtazama usoni, akaona hofu yake, akamwonyesha mlango wa kutokea. Mimi nilimwona mwenzangu uso umembadilika vile vile, nikaenda kulala.

Hadithi iliyonichoma zaidi ni ya Zaid bin Khalid (R.A.). Yeye alipokea kutoka kwa Abu Talha (R.A.) kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sura. Baadaye Zaid akaugua, na wanafunzi wake wakaenda kumtembelea. Mlangoni kwake wakaona pazia lenye sura! Busr bin Said akashangaa, akamuuliza mwenzake Ubaidullah: si Zaid huyu huyu aliyetusimulia habari ya sura? Ubaidullah akamjibu kwa kumuuliza kama hakumsikia alipotoa hadithi ile, kwa sababu alivua nakshi iliyo katika nguo. Busr akasema hakusikia.

Ndugu msomaji, Busr alikuwa katika kikao kile kile, mbele ya mwalimu yule yule, na bado likampita neno moja. Yeye ni katika watu wa elimu wa zama za Tabiina. Mimi ni nani?

KAULI ZA WANACHUONI

Kutokana na hadithi hizi, wanachuoni wametofautiana. Nitafupisha, na anayetaka upana arejee kwa walimu wake.

Imam An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, na ambaye ndiye marejeo makubwa ya madhehebu yetu ya Shafi katika eneo hili, anasema katika sharhe yake ya Sahih Muslim kwamba kutengeneza sura ya chenye roho ni haramu kwa hali yoyote, iwe na kivuli au isiwe nacho, iwe katika nguo, sarafu, chombo au ukuta. Miti na visivyo na roho havina tatizo. Kuhusu kukitumia kitu chenye sura, yeye hutofautisha kati ya kilichotundikwa kwa heshima na kinachokanyagwa au kukaliwa.

Wanachuoni wengi wa Kimaliki wametofautisha sanamu lenye kivuli na sura iliyo bapa. Lenye kivuli, likiwa la kiumbe kamili, ni haramu. Bapa, kama vile mchoro wa ukutani au kwenye nguo, wengi wao wameliweka katika makuruhu. Al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Abu Bakar (R.A.), mmoja wa mafakihi saba wa Madina na mtoto wa kaka yake Mama Aisha, amepokewa kwamba nyumbani kwake palikuwa na pazia la kitandani lenye sura za viumbe. An-Nawawi aliiita kauli ya kuruhusu sura bapa kuwa ni batili, lakini Ibn Hajar katika Fat-hul Bari akasema neno hilo lina haja ya kutazamwa, kwa vile imethibiti kutoka kwa Al-Qasim. Mahanbali nao wanazungumzia sura iliyoondolewa kiungo ambacho kiumbe hawezi kuishi bila hicho, kama kichwa.

Katika zama zetu, Sheikh Muhammad Bakhit Al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuhalalisha picha za kamera. Wapo masheikh wengine wakubwa waliozikataza isipokuwa kwa dharura, kama kitambulisho na pasi ya kusafiria.

Wanaochambua makatazo haya hutaja illa mbili, yaani sababu za hukumu. Ya kwanza ni kujifananisha na uumbaji wa Allah. Ya pili ni kuzitukuza sura mpaka ziabudiwe, kama walivyofanya watu wa kabla yetu. Basi swali la mwanafunzi wa sanaa si swali la neno moja. Unachora nini? Kwa chombo gani? Ina kivuli au ni bapa? Itatundikwa au itafungwa kwenye jalada? Ni hiari yako au ni sharti la mtihani? Mwili una sitara au uko uchi? Hili la mwisho halina khilafu. Kutazama uchi wa mtu ili umchore kumeharamishwa kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa kuinamisha macho.

KWA NINI TUMTAZAME MCHORAJI

Wanachuoni wa usuli wana kanuni kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukipatia taswira kitu hicho. Yaani usihukumu usichokijua. Na angalia neno lenyewe: taswira na sura ni mzizi mmoja. Mimi nilihukumu kuchora bila kuwa na sura yoyote akilini ya kazi hiyo.

Nilipokwenda kumwomba radhi mwenzangu, hakunilaumu. Alinipa kitabu cha maktaba, akaniambia nisome habari za Ibrahim El-Salahi wa Sudan, Muislamu, mtoto wa mwalimu wa Qur'ani. Nimeisoma. Ninaileta hapa nikiwa na tahadhari moja: maisha ya msanii si dalili ya kisheria. Hatusemi "fulani kachora, basi inafaa". Tunaisoma ili tujue mtu anayechora watu anafanya nini na anapitia nini.

El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa akifundisha Qur'ani nyumbani kwake, na mtoto akaanza kalamu pale pale. Alianza kwa lauhi, ule ubao wa kuandikia aya ambao hata baadhi yetu tuliusomea. Katika vyuo vya Qur'ani vya Sudan, mwanafunzi akimaliza sehemu ya msahafu ubao wake hupambwa kwa nakshi. Kwa hiyo wino wa kwanza na pambo la kwanza la mtu huyu vilikuwa katika kuhudumia Qur'ani.

Akasoma sanaa Khartoum, kisha akapata ufadhili wa kwenda Slade School jijini London, kuanzia mwaka 1954 hadi 1957. Huko alijifunza kuchora kwa njia ya Kizungu na kupaka rangi ya mafuta juu ya turubai. Akarudi nyumbani kufundisha, akiwa na shahada na picha zake. Akafanya maonyesho katika Grand Hotel ya Khartoum. Watu wake hawakuvutiwa. Walikuja, wakala na kunywa, wakaondoka, na picha zikabaki na mwenyewe.

Fikiria hali hiyo, ndugu msomaji. Umesoma ng'ambo miaka mitatu, umerudi na ujuzi, na watu wako hawakuoni. Wengi wangewatukana watu wao kwamba ni washamba. El-Salahi aliweka brashi chini kwa muda, akaanza kuzunguka nchi akitazama nini watu wa kawaida wanakitundika na kukipamba: kuta za nyumba, vikapu, matandiko ya wanyama, misala. Akaona kwamba karibu kila nyumba ina maandishi ya Kiarabu. Kilichokuwa nyumbani kwa watu ndicho kile kile kilichokuwa juu ya lauhi ya utotoni mwake.

Akaanza kuandika maneno madogo pembeni mwa michoro yake, kwa udogo wa stempu ya barua. Watu wakaanza kusogea. Akayakuza maandishi yakajaa karatasi. Kisha akaanza kuzivunja herufi zenyewe, kutafuta kilichomo ndani yake. Anasimulia kwamba herufi zilipovunjika zikatoka maumbo ya wanyama, mimea na watu. Ndipo zilipokuja nyuso zake ndefu, zenye macho makubwa, zinazofanana na vinyago. Rangi nazo akazipunguza, akabaki na nyeusi, nyeupe na rangi za udongo, kama ardhi ya Sudan ilivyo. Mwaka 1961 alijichora mwenyewe katika picha aliyoiita sura yake ya mateso. Ukiitazama hutamtambua barabarani. Ni uso uliorefushwa na kukauka, umebaki macho na mfupa. Na mwaka 1964, baada ya kifo cha baba yake, alichora picha aliyoiita Sauti ya Mwisho, akikumbuka dua zinazosomwa mtu anapoaga dunia.

Hapa nilisimama kusoma kwa muda. Katika somo letu la usuli tunasema illa ni kujifananisha na uumbaji wa Allah. Basi nikajiuliza, je, uso kama ule unashindana na uumbaji? Mwenye kauli ya An-Nawawi atajibu kwamba kilichoharamishwa ni sura ya chenye roho, na ule ni uso. Mwenye kauli ya Kimaliki, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa Sudan, atakuwa na nafasi pana zaidi. Sikupata jibu la kumaliza, na sioni aibu kusema hivyo. Lakini angalau sasa nilijua swali lilipo.

GEREZANI

Mwaka 1975 El-Salahi alikuwa na cheo kikubwa katika wizara inayoshughulikia utamaduni, chini ya serikali ya Nimeiri. Baada ya jaribio la mapinduzi mwaka huo alikamatwa kwa kushukiwa, akafungwa katika gereza la Kober bila kushitakiwa mahakamani. Alikaa miezi 6 na siku 8.

Humo ndani karatasi na kalamu vilikuwa marufuku, na anayekutwa navyo hutiwa kifungo cha peke yake. Yeye aliendelea kuchora. Alipata vipande vya karatasi, kama vile vya mifuko ya saruji, akachora juu yake vitu vidogo vidogo. Mlinzi akitokea, anavifukia mchangani. Akitoka, anavifukua na kuendelea. Kwa kuwa hakuweza kuwa na karatasi kubwa, alijifunza kufikiria picha kubwa kama vipande vidogo, kila kimoja kikiwa kinaendelea pale kilipoishia kingine.

Alipotoka aliondoka nchini, akaishi Qatar na baadaye Uingereza. Mwaka 1984 na 1985 alichora kwa wino kazi kubwa yenye mapande 9 yanayoungana, akaiita kwa maana ya Lisiloepukika. Imejaa miili, nyuso na mikono. Njia yenyewe ya kuiunganisha ni ile ile ya Kober. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote. Na katika uzee, akisumbuliwa na maumivu ya mgongo, akaanza kuchora kwa kalamu nyuma ya pakiti za dawa alizokuwa akizinywa. Pakiti ikiisha, anaifungua, anachora.

Lauhi, turubai, mfuko wa saruji, pakiti ya dawa. Mtu huyu hakusubiri apate chombo kizuri. Tujiulize sisi tunaosema hatuwezi kuandika darsa kwa sababu kompyuta imeharibika.

ALIYONIELEZA MWENZANGU

Baada ya kusoma nikarudi kwa mwenzangu na swali moja: wewe ukimchora mtu, unafanya nini hasa?

Alinieleza kwa vyombo vyake. Mkaa, alisema, unasamehe. Ukikosea unafuta kwa kitambaa na kuanza tena, ndiyo maana wanaanzia huo. Wino hausamehi. Ukishaweka mstari wa pua umeuweka. Rangi ya maji inataka haraka, na mwanga wake ni weupe wa karatasi uliouacha bila kuugusa, kwa hiyo ni lazima ujue mapema wapi hutapaka. Rangi ya mafuta inachelewa kukauka, unaweza kuirudia kesho na keshokutwa. Katika kupaka ngozi zetu, alisema, kosa la wanaoanza ni kuchukua kopo la nyeusi. Ngozi ya Mwafrika ina wekundu, ina manjano, na penye kivuli ina buluu.

Darasani kwao walimchora mlinzi wa geti, amevaa sare yake, amekaa kwenye kiti kwa dakika 20. Kufikia dakika ya 10 bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwa uchovu. "Nimepita mbele ya mzee yule miaka miwili," akaniambia, "sikuwahi kujua ana kovu juu ya jicho. Siku ile ndiyo nilijua jina lake, maana nilimuuliza kovu limetoka wapi."

Nikamuuliza kuhusu kushindana na uumbaji wa Allah. Akacheka. Akasema kwamba amewahi kuchora sikio moja kwa saa mbili na bado halikuwa sikio, na kwamba hakuna kilichomfanya aielewe aya ya 6 ya Surat Aal Imran, inayotaja Allah kututia sura matumboni mwa mama zetu, kama sikio lile.

Hapa lakini tusijidanganye. Nia njema peke yake haibadilishi hukumu kwa wale wanaoona kitendo chenyewe kimekatazwa. Mwenzangu analijua hilo. Alirudi kwa sheikh wake wa nyumbani, mtu aliyesoma, akamweleza kazi yake yote, chombo kwa chombo. Wakaafikiana kwamba atafuata kauli ya wanaoruhusu sura bapa kwa kadiri ya haja ya masomo na kazi yake ya ualimu, na hatazitundika. Hatachora uchi. Kwa somo la uchongaji, ambalo lina kivuli na ambalo wanachuoni wamelikaza zaidi, alikwenda kwa mwalimu wake akaomba kufinyanga vyungu badala ya sanamu ya mtu. Mwalimu, ambaye si Muislamu, alikubali mara moja. Kumbe njia ilikuwepo siku zote. Ilihitaji mtu wa kuuliza.

Kuna ndugu mwingine katika jumuiya yetu, wa kitivo hicho hicho, aliyechagua kauli ya An-Nawawi na akahamia usanifu wa herufi na nakshi. Huyu naye yuko juu ya dalili. Wawili hawa husali safu moja, na sijawahi kusikia mmoja akimtupia mwenzake neno.

Nilimuuliza mwenzangu kama amemchora tena bibi yake. Akasema amejaribu mara tatu. Picha ya kitambulisho inaonyesha uso wa mbele tu, na yeye alikuwa amemchora kwa ubavu, ameinama anachambua maharage. "Upande ule nimeusahau," akasema. Akabadilisha mazungumzo.

MAZINGATIO

1. Kusikia hadithi moja si kujua hukumu. Busr bin Said alipitwa na neno moja tu, lakini yeye aliuliza.

2. Anayeulizwa naye aulize. Kabla ya kumjibu mwenzako wa kitivo kingine, mwambie akueleze kazi yake mpaka uione. Hii ni kwa mchoraji, na pia kwa mwanafunzi wa udaktari anayechora viungo vya mwili, wa uandishi wa habari anayepiga picha, na wa biashara anayesoma mambo ya benki.

3. "Sijui" ni nusu ya elimu, kama walivyosema watangulizi. Hakuna aliyewahi kuchana daftari lake kwa kuambiwa "sijui, tumuulize mwalimu kesho".

4. Mahali wanachuoni walipokhitalifiana kwa dalili, mwachie ndugu yako nafasi ambayo Imam Malik na Imam Shafi walimwachia. Na wewe unayechora usiifanye khilafu kuwa mlango wa kufuata matamanio. Chagua kwa kuuliza mwenye elimu, kisha simama hapo.

5. Ukitoa jibu likamdhuru mtu, rudi kwake. Kuomba radhi hakurudishi kila kitu, lakini ni haki yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA HALAKA

Kwa nini Ibn Abbas (R.A.) alimpa mchoraji njia nyingine badala ya kumwacha na katazo peke yake?

Taja tofauti kati ya kutengeneza sura na kukitumia kitu chenye sura kwa mujibu wa An-Nawawi. Mito ya Mama Aisha inaingia wapi?

Mwanafunzi wa ualimu anatakiwa mtihani wa kuchora mtu aliyevaa nguo. Orodhesha maswali utakayomuuliza kabla ya kumpeleka kwa mwenye elimu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atufundishe yanayotunufaisha, atunufaishe kwa aliyotufundisha, na ailinde midomo yetu isiwe sababu ya ndugu zetu kuvunjika. Amrehemu bibi yule wa Buyenzi na wazee wetu wote waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.